Simu za Majirani



Mama mmoja wa Mgeta alinisimamisha baada ya ibada. Binti yake yuko Dubai, karibu kurudi, naye amemtumia fedha za kabichi, zake na za majirani wawili, anunue simu tatu katika duka la uwanja wa ndege. "Si hazina kodi?" akaniuliza.

Hazina kodi ya kule. Duka lile limesamehewa na nchi inayouza. Tanzania haijasamehe kitu. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humsamehe msafiri vitu vilivyo mali yake, anavyosafiri navyo, vya matumizi yake au ya nyumbani kwake, hadi thamani iliyowekwa. Mwaka 2023 Mamlaka ya Mapato ya Kenya iliwakumbusha wasafiri kwamba kinachozidi dola 500 hulipiwa, kelele zikawa nyingi. Kiwango hubadilishwa, kwa hiyo binti aulize TRA kabla hajatoa fedha, atunze risiti.

Simu za majirani si mali yake. Akipita nazo kimya njia ya kijani pale Uwanja wa Julius Nyerere, anadanganya, na akikamatwa ni yeye, si majirani. (Bei za Kariakoo wala hawakuwa wameziuliza!)

Usiku ule mama alimpigia binti: alete moja ya nyumbani, aitangaze, fedha za wenzake azirudishe. Majirani wamenuna kidogo.