Ushuru wa Soko Lisilo na Paa
Mama wa mtaa wa Kinindo, Bujumbura, auzaye vitenge kwa picha za WhatsApp, asiye na duka wala kodi ya pango, hudhani amesalimika na ushuru wa soko. Kumbe sharti la soko lake la mtandaoni laweza kugeuzwa wakati wowote pasi na yeye kushauriwa. Waganda walilionja hilo tarehe 1 Julai 2018, Serikali yao ilipowatoza shilingi 200 kwa siku watumiao mitandao ya kijamii kama WhatsApp, mfanyabiashara na mpiga porojo sawasawa; na nchini Tanzania, Novemba 2019, kampuni ya biashara ya mtandaoni ya Jumia ilifunga soko lake. Kwa rai yangu, mwenye soko, dola au kampuni, alazimishwe kutoa ilani ya miezi mitatu, kwani faida ya kitenge kimoja, ikisha kutolewa ujira wa mchukuzi, ni haba mno kuhimili badiliko la ghafla.