Landrova ya Zamani Haijulikani kwa Sura

Hapa Uingereza, gari lililopita miaka 40 laweza kusamehewa kodi. Kwa hiyo kishawishi cha kulivisha gari la juzi bodi ya zamani ni kikubwa. Wanachama wenzangu mnaosaka Landrova kuukuu, msidanganywe na sura. Zilipoanza kuuzwa mwaka 1948, taa zilikaa nyuma ya wavu wa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamia kwenye madigadi. Alama nzuri, lakini bodi ni vipande vya alumini, vingi vikifungwa kwa bolti, na hubadilishwa. Uzuri wa mkakasi! Inameni mtazame chasisi. Muuzaji asiyetaka namba iliyogongwa pale ilinganishwe na kadi ya gari, kwangu hastahili hata peni moja.