Askofu ahubiri haki, hakimu akate kesi

Katika miji mingi ya Kongo, mama mjane anayenyang'anywa kiwanja na ndugu za marehemu mume wake haanzii kwenye tribinali ya amani. Anaanzia kwa padri au kwa mchungaji. Akiulizwa sababu, jibu ni lile lile, iwe Lubumbashi, Kalemie au Kindu: kule tribinali mwenye pesa ndiye anashinda, lakini mtumishi wa Mungu anaogopa dhambi. Basi padri anachukua simu, anamwita hakimu anayesali katika parokia yake, na kumwomba aiangalie vizuri kesi ya mama huyo.

Wengi wanaona hiyo ni huruma tu. Lakini kesho yake, yule ndugu wa marehemu naye atatafuta mchungaji wake, na mchungaji huyo pia ana namba ya simu ya hakimu. Hapo kesi haikatwi tena kwa kufuata sheria. Inakatwa kwa kuangalia nani ana mtumishi wa Mungu mwenye sauti kubwa. Ugonjwa huo wa kiwanja ndio huo huo unaoonekana kule juu, Kinshasa, wakati wa mambo ya uchaguzi na madaraka.

Ni kweli kwamba makanisa yamesaidia nchi hii. Miaka ya 1991 na 1992, Askofu Laurent Monsengwo aliongoza Mkutano Mkuu wa Kitaifa, wakati utawala wa Mobutu ulikuwa unayumba. Kunako mwezi wa tano 2016, Mahakama ya Katiba ilisema Raisi Joseph Kabila anaweza kubaki madarakani mpaka raisi mwingine atakapochaguliwa. Uamuzi huo haukutuliza watu. Ni maaskofu wa CENCO ndio walikalisha serikali na upinzani kwenye meza moja, hadi mapatano yakatiwa sahihi tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka huo. Mwaka mmodi baadaye, waamini waliotoka misa na rozari mkononi, wakidai mapatano hayo yaheshimiwe, walikutana na risasi.

Kwa hiyo anayesema makanisa yanyamaze kabisa hajui historia. Mtu aliyepoteza mtoto katika maandamano yale hawezi kuambiwa kwamba imani yake ibaki ndani ya kanisa.

Shida iko kwingine. Kila mara maaskofu walipoitwa, ni kwa sababu mahakama haikuaminiwa. Na kila mara walipofaulu, viongozi waliona hakuna haraka ya kutengeneza mahakama, maana siku moto utakapowaka, maaskofu watakuja kuuzima. Zima moto si dawa ya nyumba iliyojengwa vibaya.

Uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018 ulionyesha hilo wazi. CENCO ilikuwa na waangalizi karibu 40.000 katika nchi nzima. CENI ilipomtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi, maaskofu walisema matokeo hayo hayalingani na yale waangalizi wao waliyokusanya katika vituo vya kura. Lakini hawakutaja hadharani jina la yule waliyeona ameshinda. Martin Fayulu alienda Mahakama ya Katiba akaomba kura zihesabiwe upya, na mahakama ikakataa ombi lake. Mkaaji wa kawaida akabaki katikati: askofu anasema hivi, hakimu anasema vile, na karatasi zenye hesabu hakuziona kwa macho yake. Ukweli unaosemwa nusu mbele ya mikrofoni hauna nguvu kama ule unaowekwa wote mezani, mbele ya hakimu, watu wakisikiliza.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 haikuacha jambo hili gizani. Kifungu cha 1 kinasema taifa hili halina dini. Kifungu cha 149 kinasema uwezo wa mahakama uko huru mbele ya bunge na serikali. Kifungu cha 151 kinakataza serikali kumpa hakimu amri katika kazi yake. Lakini maandishi hayo yanahitaji watu. Mahakama ya Katiba ina mahakimu tisa: watatu wanatoka kwa raisi, watatu kwa bunge, watatu kwa Baraza Kuu la Mahakimu. Mwaka 2020, raisi alipoteua wapya watatu, washirika wake wa upande wa Kabila walikataa, na nchi nzima ikahesabu nani ni hakimu wa nani. Hakimu akishahesabiwa hivyo, hata akikata kesi vizuri nani atamwamini?

Dini nayo imeingia katika hesabu hiyo. Kwa desturi, madhehebu nane ndiyo yanapendekeza kiongozi wa CENI. Mwaka 2021 walishindwa kupatana: sita walimtaka Denis Kadima, Wakatoliki na Waprotestanti wakakataa, na mwishowe Kadima akapitishwa. Toka siku hiyo, watu walianza kuuliza dhehebu gani ni la upande gani. Kuna hata wahubiri wanaotangaza kwamba kiongozi fulani amechaguliwa na Mungu. Je, mpinzani anayepeleka mashtaka kuhusu kura anashtaki nani basi? Anaonekana kama mtu anayepigana na mbingu.

Na mlango huo unafunguka pande zote mbili. Mwezi wa nne 2024, mwendesha mashtaka mkuu wa Mahakama ya Kasasyo aliagiza uchunguzi juu ya Kadinali Fridolin Ambongo, kwa maneno aliyosema kuhusu hali ya nchi. Parke inayoweza kutishia kadinali kwa maneno yake itashindwa kumtisha mwalimu wa kijijini? Ndiyo maana uhuru wa mahakama ni faida ya Kanisa lenyewe. Siku askofu atakaposhtakiwa, hatahitaji hakimu muamini wa parokia yake. Atahitaji hakimu huru.

Kinachohitajika kinajulikana. Makanisa yaendelee kukemea rushwa kwa sauti, mbele ya wote, lakini yasimwite hakimu kwa simu, hata kwa kesi ya haki. Yakiwa na hesabu za kura, yazitoe zote. Serikali nayo ilipe mahakimu vizuri na kwa wakati, iheshimu maamuzi hata yale yanayoiuma, na iache Baraza Kuu la Mahakimu lifanye kazi yake bila kusukumwa.

Na yule mama mjane? Padri anayemhurumia kweli angemsindikiza mpaka tribinali, amtafutie avoka, akae naye kwenye benchi siku ya kusikiliza kesi, na waamini wengine wajae chumba. Hakimu akiona watu wanamtazama, atafungua kitabu cha sheria. Mama huyo akishinda hivyo, jirani yake mwenye kesi kama hiyo atajua njia ya tribinali, hata kama yeye hasali popote.