Majengo ya Kale: Kikanisa cha Malindi

Juma lililopita mzee mmoja wa hapa Silibwet aliniuliza swali lililonifunga kinywa. Alisema, "Mwanangu, wewe ni karani, na kazi yako ni kuandika. Je, umeandika mahali popote jinsi nyumba yetu ya kwanza ya sala ilivyokuwa?" Sikuwa na la kujibu. Nyumba ile ilikuwa ya fito na udongo, ikaezekwa kwa nyasi. Ilifuatwa na nyumba ya mabati. Na hiyo ya mabati ikabomolewa kwa siku moja tu, ilipokwisha kujengwa ya mawe. Hapakuwa na mtu aliyepima urefu wake, wala aliyeandika majina ya akina mama walioukanda udongo wa ile ya kwanza. Siku ya kubomoa nilikuwapo, nami nilisaidia kubeba mabati.

Swali la mzee lilinikumbusha kikanisa kimoja cha zamani sana nilichokizuru nilipokwenda pwani kwa likizo. Nimeona vema niwasimulie habari zake leo.

Kikanisa hicho kiko Malindi, mji ulio yapata kilomita 120 kaskazini ya Mombasa. Vasco da Gama, nahodha wa Wareno, alitia nanga huko mwezi wa Aprili 1498. Alikuwa ametoka Mombasa, ambako hakuelewana na wenyeji. Lakini Sultani wa Malindi alimkaribisha, akampa rubani wa kumvusha bahari mpaka Bara Hindi. Tangu siku hizo Wareno na Malindi wakawa marafiki kwa muda wa karibu miaka 100. Katika karne hiyo ya 16 ndipo Wareno walipojiwekea mahali pa kusali na pa kuzika wafu wao karibu na ufuko wa bahari.

Mtu aliyezoea makanisa makubwa ya mjini angeweza kupita pale asigeuze shingo. Ni nyumba ndogo ya pembe nne, yenye chumba kimoja tu. Kuta zake ni nene, zimepakwa chokaa nyeupe, na paa lake ni la makuti. Nje kuna makaburi yenye misalaba. Hapana mnara, wala vioo vya rangi.

Lakini tazama jinsi vitu vyake vilivyotoka palepale penyewe. Mawe ya majengo ya kale ya pwani ni matumbawe, yaani miamba inayojengwa na vijidudu vya baharini. Mawe hayohayo yakichomwa kwa kuni nyingi huwa chokaa, nayo chokaa hiyo huyashika mawe mengine. Makuti hutoka katika mnazi: majani hushonwa kwenye fito, kisha safu hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila moja ikiifunika kidogo ile ya chini yake, ili maji ya mvua yateremke yasiingie ndani. Sisi tulioezeka kwa nyasi huku kwenye nchi ya chai twaijua kazi hiyo. Tena twajua kwamba paa la namna hiyo halidumu. Baada ya miaka michache huoza, na ni lazima watu wapande tena kuezeka upya. Ukuta waweza kukaa karne nyingi kwa nguvu za aliyeujenga, bali paa hutaka mikono ya kila kizazi.

Habari za kikanisa hicho huunganishwa na jina la Francis Xavier, padre aliyezaliwa Navarra, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Uhispania. Aliondoka Lisbon mwezi wa Aprili 1541 akielekea Goa, na mwaka 1542 merikebu yake ilipita Malindi. Mtu mmoja aliyefia chomboni akazikwa huko. Baadaye Xavier aliandika katika barua yake kwamba mkubwa mmoja Mwislamu wa mji alimwuliza kama watu wa kwao huyajaza makanisa yao. Mkubwa yule alisikitika, kwa kuwa mji wake ulikuwa na misikiti 17, lakini watu walikuwa wakienda katika mitatu tu.

Ndugu zangu, swali hilo lina umri wa karibu miaka 500, na bado latupasa sisi sote, Wakristo na Waislamu. Kujenga ni jambo moja, na kuitunza nyumba iliyokwisha kujengwa ni jambo jingine.

Malindi yenyewe ilionja jambo hilo. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, wakahamishia nguvu zao kule, na Sultani rafiki yao akahamia Mombasa pia. Malindi ikafifia, hata ikawa magofu, mpaka ilipokaliwa tena katika karne ya 19 chini ya Sultani wa Zanzibar. Siku hizi kikanisa kinatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na wageni hufika kukitazama.

Labda msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya Wareno, sisi yatufaa nini?" Jibu langu ni hili. Kikanisa cha Malindi hakikuwa kikubwa wala kizuri kupita vyote. Kinajulikana kwa sababu watu wameandika habari zake na wameezeka paa lake. Nyumba zetu za kwanza hapa zilistahili angalau daftari. Wazee walioziona wangali hai, lakini si wengi.

Kwa hiyo jioni ya Jumamosi nilimwendea yule mzee na daftari mpya. Tulikwenda pamoja penye uwanja wa kanisa, akanionyesha pembe nne za nyumba ile ya udongo, nami nikapima kwa hatua: 14 kwa 7. Kisha akaanza kutaja majina ya waliojenga. Giza lilipoingia tulikuwa tumefika jina la 23, naye akaniambia nirudi kesho. Mali bila daftari hupotea bila habari.