Swarthy ni Rangi ya Nani?

Kuna neno la Kiingereza ambalo nataka tulistaafishe katika hadithi zetu: swarthy. Kama umewahi kusoma riwaya za zamani za Waingereza, unalijua. Ndilo wanalopewa mabaharia, majambazi, na yule mgeni anayeingia baa usiku na kila mtu ananyamaza. Kamusi zitakuambia ni mtu mwenye ngozi nyeusi-nyeusi. Hazikuambii ni nyeusi kumliko nani.

Hapo ndipo kesi yangu inaanzia.

Mzizi wake ni sweart, neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha nyeusi, ndugu wa schwarz ya Wajerumani. Kama lingebaki hapo, lingekuwa neno la rangi tu. Lakini angalia lilivyotumika. Mwaka 1751 Benjamin Franklin, yule ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola 100, aliandika insha kuhusu ongezeko la watu. Humo akawagawa wanadamu kwa rangi. Waafrika aliwaita weusi. Alipofika Ulaya, akasema Wahispania, Waitaliano, Wafaransa, Warusi na Waswidi ni swarthy. Waswidi! Hata Wajerumani aliwatia humo, akawatoa Wasaksoni peke yao, ambao pamoja na Waingereza ndio aliowahesabu kuwa kundi kubwa la watu weupe.

Sasa niambie, huyo mzee alikuwa haoni? Alikuwa anaona vizuri sana. Insha hiyo hiyo inalalamika kuhusu wahamiaji wa Kijerumani waliokuwa wakijaa Pennsylvania. Hasira ilitangulia, rangi ikafuata. Swarthy lilikuwa neno la kumwambia jirani: wewe si wetu.

Ndiyo maana nashangaa kulikuta hapa. Mimi hula kwa kibarua cha kuandika na kuhariri, na hadithi za vijana wenzangu hupita mikononi mwangu. Unakuta hadithi imewekwa Kakamega, mama anauza omena, watoto wanatoka shule, halafu mwizi anaingia na ghafla yeye ni swarthy. Kwa macho ya nani? Soko zima lina ngozi kama yake. Aliyemwona mwizi huyo hajasimama sokoni, amesimama kwenye sitaha ya meli ya Mwingereza na darubini mkononi. Mwandishi amemkodishia macho yake bila hata kudai kodi.

Kuna watakaosema neno ni neno tu, na Kiingereza sasa ni chetu pia. Sawa, ni chetu. Lakini mwenye nyumba hufagia. Anayeogopa kutupa kitu chochote alichokikuta ndani, huyo ni mpangaji.

Tena hatuna njaa ya maneno. Kiswahili kina maji ya kunde. Chemsha kunde, mimina maji kwa bakuli, uangalie. Hiyo ni rangi, na imetoka jikoni. Haimpimi mtu kwa umbali wake kutoka kwa Mwingereza, na haimfanyi mwizi kabla hajaiba. Kuna mweusi ti. Kuna rangi ya chai ya strungi. Msomaji yeyote kutoka Lamu hadi Busia anaona uso mara moja.

Lakini tusijipigie makofi. Sisi wenyewe tumetengeneza swarthy yetu kwa kuigeuza upande wa pili. Nairobi msichana mweupe husifiwa kuwa ni rangi ya thao. Noti ya 1000, kubwa kuliko zote nchini! Watu hucheka, na mimi najua ni utani, lakini fikiria hesabu iliyo ndani yake. Kama kuna ngozi ya thao, basi kuna ngozi ya hamsini, na mwenye nayo anajua bila kuambiwa. Mtu huyo ndiye anayeenda kununua krimu za kujichubua zenye zebaki, ambazo sheria imezikataza na bado zinapatikana. Zebaki huharibu figo. Wanaosema neno halina madhara wakaongee na figo.

Kwa hivyo siombi tuache kutaja rangi. Kukwepa rangi ni woga mwingine. Ngozi zetu ni nyingi na tamu kuandika. Ninachodai ni kitu kidogo ambacho mwandishi na mhariri yeyote anaweza kufanya leo jioni. Pitia hadithi yako, uhesabu ni nani wametajwa rangi. Kama ni mhalifu peke yake, umemhukumu kwa ngozi. Kama ni mrembo peke yake, na ni mweupe, umewahukumu wengine wote. Kisha jiulize kila neno la rangi limesimama wapi linapoangalia: sokoni pamoja na watu wako, au mbali huko, likishangaa?

Kama jibu ni mbali huko, futa. Franklin hatalalamika. Na mwizi wako wa Kakamega, kama kweli ni mwizi, ataiba tu hata bila swarthy. Mpe mikono, mpe njaa, mpe deni la kodi ya nyumba. Hayo ndiyo yaliyompeleka sokoni. Ngozi alizaliwa nayo.