Sheria ya unyanyasaji kazini yawaacha wengi Busia
Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuandaa sera dhidi ya unyanyasaji wa kimapenzi, inayoeleza mlalamishi atapeleka wapi malalamishi yake. Lakini kuanzia Nangina hadi Malaba, mhudumu wa hoteli au gesti aghalabu huwa na wenzake watatu au wanne tu, na anayemsumbua huenda ndiye anayemlipa mshahara. Amshtaki kwa nani?

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 humwadhibu mwenye mamlaka kwa kifungo kisichopungua miaka 3, faini isiyopungua Sh100,000 au vyote viwili. Hata hivyo, sharti ithibitishwe kuwa aliendelea kumsumbua. Mashahidi ni wahudumu wenzake, ambao pia wanahofia kufutwa.