Liacheni Gari Lilale Kituoni

Mtu akipiga simu saa tisa usiku kusema amekamatwa akiendesha gari huku amelewa, swali la kwanza atakaloulizwa halihusu afya yake, wala halihusu kama amemgonga mtu. Ataulizwa, "Gari liko wapi?" Aliye upande wa pili wa simu ataanza kutafuta viatu gizani, kwa kuwa wote wawili wanaamini kitu kimoja: kazi ya usiku ule ni kumtoa mtu pamoja na gari lake kabla hakujapambazuka.

Imani hiyo imekomaa Mombasa kama ilivyokomaa Nairobi na Kisumu. Kila kundi la marafiki lina bingwa wake wa shughuli hii, yule anayemjua mkuu wa kituo, anayejua afande gani yuko zamu, na anayeweza kutamka "tusaidiane, mkubwa" kwa sauti inayotakiwa. Wiki mbili baadaye kisa husimuliwa kwenye meza ileile ya bia na yeye ndiye shujaa. Gari lilitoka saa kumi alfajiri. Hakuna stakabadhi, hakuna kilichoandikwa kwenye kitabu cha OB, na mwenyewe akaliendesha hadi nyumbani.

Hapo kwenye "mwenyewe akaliendesha" ndipo wasimulizi hupapita mbio. Saa tatu tu zilizopita mtu huyo alipuliza kwenye kipimo na kipimo kikamkataa. Tangu hapo amekaa kwenye benchi, amebishana, ametoa noti. Noti hazipunguzi pombe mwilini.

Tufanye hesabu kidogo, maana watu wetu hupenda kuikwepa. Ini la mtu mzima huondoa pombe kwa mwendo wake, wastani wa miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Wengine huzidi kidogo, wengine hupungua. Kahawa chungu haiharakishi kazi hiyo, wala supu, wala kujimwagia maji baridi. Vinakuamsha tu, ukawa mlevi aliye macho. Kanuni za vipimo vya pumzi za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha miligramu 80 katika kiasi hicho cha damu, au mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi. Chukua mtu anayetoka Mtwapa akakamatwa saa saba usiku akiwa na miligramu 200. Saa kumi alfajiri, bingwa wetu anapomkabidhi funguo, bado ana kama 155, karibu maradufu ya kikomo. Atakishukia kikomo mnamo saa tatu asubuhi. Pombe yenyewe itamalizika mchana, saa nane na ushei.

Kwa hiyo kile kinachonunuliwa kituoni usiku ni saa tano za kuendesha ukiwa mlevi, kwa idhini ya yule aliyekukamata kwa kuendesha ukiwa mlevi. Sijui biashara nyingine yenye kichekesho kama hiki.

Mambo haya yamewahi kwenda hadi mwisho wake, tena bila hata shilingi kubadili mikono. Mwezi Julai mwaka 2000, John Elliott, ofisa kijana wa jeshi la majini la Marekani, alikuwa njiani kutoka chuo cha jeshi hilo huko Annapolis, jimbo la Maryland, akielekea kwao New Jersey kwa siku ya kuzaliwa ya mama yake. Usiku uleule polisi wa New Jersey walikuwa wamemkamata dereva mwingine kwa ulevi. Walimpeleka kituoni, wakamfungulia mashtaka, kisha wakampigia simu rafiki yake aje amchukue. Rafiki akaja. Akampakia, akampeleka moja kwa moja hadi gari lake lilipokuwa, akamwacha aingie na kushika usukani. Hazikupita zaidi ya saa tatu hivi tangu akamatwe, gari lake likaligonga la Elliott. Madereva wote wawili walikufa papo hapo, na msichana aliyekuwa amepanda na Elliott akajeruhiwa vibaya. Damu ya yule aliyekamatwa ilikutwa na pombe zaidi ya maradufu ya kiwango cha sheria.

Ukikisoma kisa hicho ukimtafuta mwovu utachoka. Polisi walikamata, wakaandika, wakaita mtu wa kumpeleka nyumbani. Rafiki aliacha kitanda chake akaenda kumsaidia mwenzake, kama sisi sote tunavyojivunia kufanya. Baadaye alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia na wazee wa baraza hawakumtia hatiani, na mimi siwalaumu. Alifanya kile ambacho kila mtu wa rika lake angeona ni uungwana. Gari lilikuwa pale, funguo zilikuwepo, na mwenye gari alisema yuko sawa. Nani amewahi kumsikia mlevi akisema hayuko sawa?

Mwaka uliofuata ajali ile, 2001, jimbo la New Jersey lilipitisha sheria inayoitwa kwa jina la marehemu, Sheria ya John. Gari la aliyekamatwa kwa ulevi huzuiwa kwa saa 12. Kama lina mwenyewe mwingine, au mwenye gari amempa ruhusa mtu asiyelewa na mwenye leseni, mtu huyo anaweza kulichukua mapema. Aliyekamatwa mwenyewe hagusi funguo hata awe na nani kwenye simu. Saa 12 hazikutolewa hewani. Zikokotoe kwa miligramu 15 kila saa uone zinavyomtosha hata mtu aliyekunywa kupita kiasi.

Najua hapa msomaji wangu wa Kenya ameshainuka kitini. Ataniambia sijui yadi zetu. Gari linaingia na redio na tairi la akiba, linatoka bila vitu hivyo. Bredauni imeitwa na nani, kwa bei ya nani? Unaambiwa gari ni kielelezo cha kesi, basi linakaa siku kumi jua na mvua juu yake, hadi utakapoelewa unachotakiwa kuelewa. Yote hayo nayakubali, na nitaongeza langu: hoja ya kielelezo haina miguu. Kama hakuna ajali, gari halishuhudii chochote kuhusu ulevi. Ushahidi uko kwenye pumzi, kwenye damu, kwenye maelezo ya afande aliyeona linavyoyumba. Pombe ikishaisha mwilini mwa mwenyewe, sababu ya kulishikilia gari imekwisha pia.

Marekani hiyohiyo inatupa mfano wa dola kupitiliza. Februari 1999, meya wa New York Rudy Giuliani aliagiza magari ya watu wanaokamatwa kwa ulevi yatwaliwe, hata kama ni kosa la kwanza, jiji likilenga kuyamiliki kabisa. Yalikaa mikononi mwa polisi miezi na miaka huku wenyewe wakisubiri kesi. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema hapana: mwenye gari ana haki ya kusikilizwa upesi kuhusu kama jiji linaweza kuendelea kulishikilia. Hukumu hiyo iliandikwa na Jaji Sonia Sotomayor, ambaye leo yuko Mahakama ya Juu. Ulaya wengine wameendelea mbele zaidi. Latvia hutaifisha magari ya walevi waliokithiri, na mwaka 2023 ilianza kuyapeleka Ukraine yakasaidie vitani. Poland ikafuata na sheria yake ya kutaifisha mwaka 2024. Kwetu sitaki kuyaona. Gari la Mkenya mara nyingi ni la mkopo wa sacco, au ni la shemeji, na mpe afande uwezo wa kulifanya la serikali uone soko litakalofunguka nyuma ya kituo.

Lakini angalia hoja ya yadi inavyotumika. Kwa sababu yadi ina wezi, tunasema gari litoke usiku. Kwa sababu litatoka usiku, tunalipa. Kwa sababu tunalipa, yadi inabaki na wezi, na mlevi anarudi barabarani, kwenye nchi inayozika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kutokana na ajali. Anayelalamikia rushwa ya alcoblow, kile kipimo cha pumzi, mchana ndiye mteja wake usiku.

Wapo pia wanaojikinga kwa hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Kenya, iliyosema mwaka 2017 kwamba zile kanuni za 2011 zinapingana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Tangu siku hiyo kila mlevi amekuwa wakili. Wangesoma kifungu cha 44 cha sheria hiyo wasingeshangilia. Kinamwadhibu anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote, na leseni huzuiwa miezi 12 isipokuwa mahakama ione sababu maalumu. Katiba, katika kifungu cha 49, inakupa haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na haki ya dhamana kwa masharti ya kiasi. Dhamana ni yako wewe. Haikuandikwa kwa ajili ya Probox.

Ninachotaka kinaandikika kwenye ukurasa mmoja. Gari lizuiwe saa 12, bila malipo ya yadi kwa saa hizo, ili pasiwe na cha kujadiliana. Vilivyomo viandikwe mbele ya mwenyewe, redio na tairi la akiba vikiwemo, na nakala apewe. Mtu asiyelewa mwenye leseni na idhini ya mwenye gari aruhusiwe kulichukua hata dakika ileile, baada ya kupuliza yeye pia kwenye kipimo. Hiki cha mwisho kitawapunguza mabingwa wengi, kwa kuwa bingwa huwa anatoka baa ileile.

Na kuna karatasi moja ya New Jersey ambayo ningependa tuiige neno kwa neno. Anayekuja kumchukua mlevi hupewa maandishi yanayomweleza kwamba akimwezesha kuendesha kabla pombe haijamtoka, anaweza kushtakiwa na kudaiwa fidia, naye hutia sahihi kwamba ameyapokea. Iwekwe kando ya kitabu cha OB, kuanzia kituo cha Mtwapa, afande aisogeze mezani pamoja na kalamu: soma, tia sahihi, kisha mchukue mtu wako. Bodaboda ziko nje. Gari mtalifuata kesho saa nane mchana, mkiwa na ile nakala ya vilivyomo.